Chumvi Isiyoona Moto

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ya lini maana sikuzaliwa na kalenda shingoni, palikuwa na mji uitwao Kwemvumo. Mji huo ulikaa bondeni katikati ya mashamba ya mkonge, na watu wake waliishi kwa uzi. Kwingine makapi ya mkonge hutupwa yakaoza. Kwemvumo waliyayeyusha, wakayavuta, yakawa uzi laini wa kufumia nguo za watoto wachanga. Na kilichoyayeyusha ni chumvi.

Mtasema huyu ameanza uongo wake mapema. Subirini. Ilikuwa chumvi kweli, imezaliwa na dawa mbili zilizoshikana, ila hii haikubali kuganda. Haikai punje punje. Inamiminika, nzito, kama asali. Ukichovya makapi ndani yake yanalegea, yanalegea, mwisho huyaoni. Kisha unavuta uzi wako, na chumvi unaichuja kwa matumizi mengine. Zilikuwepo chumvi za namna hiyo, na zipo.

Adha ilikuwa kuipika. Dawa ya kwanza ilinuka samaki aliyelala. Ya pili ilikuwa na harufu tamu ya kuumiza kichwa. Zilitiwa zote mbili kwenye sufuria kubwa, moto ukawashwa chini, na sufuria ikishapata joto inamwagiwa spiriti madumu manne. Halafu unakoroga na kuchochea, unakoroga na kuchochea, siku tatu. Ikiiva inatoka na rangi ya chai, haifai kwa nguo ya mtoto, kwa hiyo inasafishwa kwa unga wa mkaa na spiriti nyingine tena. Mvuke wake ulipokuwa ukitambaa mjini watoto walitapika. Wakubwa wa ushirika wa uzi wakakaa, wakaamua jiko lihamie juu ya kilima cha Ngoto, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, na mpishi ahame nalo.

Mpishi alikuwa Nyamvula. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto, na katika mji ule mtu asiye na mtoto wa kumlilia ndiye aliyeonekana mwepesi kuhamishika. Nyumba yake ya bondeni wakampa mpwa wake aliyekuwa anaoa. Walimwambia ni kwa muda tu. Nyamvula akafunga godoro, akapanda.

Muda huo ukawa miaka kumi na mmoja.

Kule juu alikuwa na sufuria, mwiko mrefu kama jembe, na upepo. Mtu aliyempandia alikuwa mmoja, Kihiyo, fundi wa baiskeli aliyekuwa pia na punda wawili. Kila Alhamisi Kihiyo alipandisha kuni alizokata katika msitu wa mteremkoni, na kuteremsha chumvi. Alhamisi punda wanapanda, Alhamisi punda wanashuka. Jumatano jioni Nyamvula alifagia uwanja ambao haukuwa na wa kuuchafua, na Alhamisi asubuhi alivaa kanga yake ya kutokea. Kihiyo alikunywa vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akatoa habari za mjini, nani kazaa, nani kagombana na nani kwa ajili ya kuku, kisha akaaga. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na Nyamvula alipona kila Alhamisi na kuugua tena kila Ijumaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana watu wa Kwemvumo walikuwa na desturi yao. Akifa mtu, pembe inapigwa. Milio miwili, amekufa mwanamume. Milio mitatu, mwanamke. Na kila aisikiaye anazima moto wake, uwe wa jikoni, uwe wa mhunzi, na hauwashwi tena hadi pembe ilie mara ya pili, maiti akiwa ameshafukiwa. Watu wanakula viporo. Kuacha moto ukiwaka pembe ikilia ni kumwambia marehemu kwamba hakuwa kitu kwako.

Jumatatu moja Nyamvula alikuwa ametoka tu kutia dawa mbili sufuriani, moto ndiyo kwanza unashika, spiriti bado iko kwenye madumu. Pembe ikalia bondeni. Akahesabu. Moja, mbili, tatu.

Akachukua ndoo akauzima moto. Hakuna aliyekuwa akimwona, angeweza kuuacha, lakini hakuuacha. Akaketi akaanza kuwataja wanawake wote aliowajua, mmoja mmoja, akijiuliza ni yupi. Alitamani kushuka. Tatizo ni kwamba sufuria iliyokwisha tiwa dawa haiachwi bila mwiko. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyofundishwa na aliyemtangulia, kwa sababu dawa zile zikiachwa hujitenga, moja juu moja chini, na uzi wa mwezi mzima unapotea. Akajiambia kwamba kama aliyekufa ni wake, watatuma mtu kumwita. Basi akakoroga. Alikoroga bila moto na bila spiriti, akilala vipande vipande, akimlilia mwanamke asiyemjua. Hakuja mtu. Jumatatu hakuja, Jumanne hakuja. Akashukuru Mungu kwamba si wake.

Jumatano pembe ililia tena, naye akainuka kwenda kuwasha moto. Akachungulia sufuriani. Chumvi ilikuwa imeshakuwa chumvi. Tena haikuwa na rangi ya chai, ilikuwa nyeupe kama maji safi, ukitazama unauona mwiko hadi chini. Haikuhitaji mkaa wala spiriti. Akachovya kapi la mkonge, likalegea, likapotea.

Nyamvula akakaa chini akacheka peke yake. Miaka yote ile, kuni zote zile, na dawa hazikuwa zimeomba moto hata mara moja. Asubuhi ya Alhamisi akajaza chumvi ile kwenye chupa, akavaa viatu, akamngoja Kihiyo ashuke naye akawaambie watu.

Kihiyo alifika akamkuta na viatu miguuni. Akasema pole.

"Pole ya nini?" Nyamvula akauliza.

Kihiyo akaacha kamba ya punda ianguke. Aliyekufa alikuwa Mwanaheri, dada yake Nyamvula wa kuzaliwa naye tumbo moja. Walikuwa wamemzika jana. Wachimba kaburi walidhani wapwa wamempandia. Wapwa walidhani Kihiyo amempandia. Kihiyo alidhani wapwa hawawezi kusahau jambo kama hilo. Kila mmoja alidhani, na kudhani hakupandi kilima.

Nyamvula akavua viatu. Akaitia chupa mvunguni mwa kitanda. Akamwambia Kihiyo ateremshe chumvi, na wiki ijayo alete kuni kama kawaida.

Mtamlaumu, najua. Lakini mtu aliyesahauliwa msibani ana hesabu zake. Alijiambia hivi: nikiwaambia kwamba chumvi haihitaji moto wala spiriti, jiko litashuka mjini, ataipika yeyote mwenye mikono, na mimi nitabaki huku juu bila nyumba kule wala kazi hapa, na punda hawatapanda. Walionisahau nikiwa na kazi watanikumbuka nikiwa sina? Akafunga mdomo. Na kwa kuwa kuni zikibaki lundo wangemwuliza, aliwasha moto kila siku chini ya mafiga matupu. Spiriti aliiacha wazi nyuma ya nyumba ikapaa. Bondeni watu waliona moshi wakasema Nyamvula yupo kazini. Waliisifu na chumvi yake, wakadhani amekuwa bingwa wa kusafisha.

Ikaenda hivyo mwaka wa kwanza wa siri hiyo. Kuni zikapanda, moshi ukapaa. Mwaka wa pili kuni zikapanda, moshi ukapaa, na msitu wa Ngoto ukapungua hadi kilima kikaanza kuonekana mgongo.

Katika mwaka huo wa pili Kihiyo alikuwa na harusi ya kuhudhuria Alhamisi, kwa hiyo akapanda Jumatano. Akakuta moto unawaka na juu yake hakuna kitu. Sufuria ilikuwa kivulini, baridi, na Nyamvula alikuwa anakoroga kwa mkono wa kushoto kwa sababu bega la kulia lilikuwa limekataa. Wakatazamana. Kihiyo akashusha kuni, akazipanga vizuri, akakaa akanywa chai.  Alipokuwa anaondoka ndipo aliposema, "Shangazi, bega hilo litakumaliza."

Wiki tatu baadaye alipanda na pipa lililolazwa juu ya magurudumu, minyororo ya baiskeli, pedeli na kiti. Ndani ya pipa alikuwa ametia mawe ya mtoni, duara, magumu. Unamimina dawa, unafunga, unapiga pedeli, pipa linazunguka, mawe yanasaga na kuchanganya. Unapumzika pipa likipata joto, unaendelea. Kazi iliyochukua siku mbili za mwiko ikaisha kati ya chai ya asubuhi na sala ya alasiri. Kuanzia siku hiyo, Alhamisi Kihiyo alikaa mpaka jioni, yeye akipiga pedeli, Nyamvula akimenya tangawizi. Na kuni aliendelea kuzileta, na Nyamvula aliendelea kuzichoma, na jambo hilo halikuzungumzwa kati yao.

Mwaka wa nne chemchemi ya mji, iliyotoka chini ya kilima kile, ikawa uzi mwembamba. Watoto wa kike walifika shuleni saa nne na ndoo vichwani. Mzee Mbelwa, mwenyekiti wa ushirika, akaita watu akatangaza kwamba msitu ukiisha mji umeisha. Atakayepata njia ya kutengeneza chumvi bila kumaliza msitu atapewa kiwanja kilichobaki katikati ya mji, kile kati ya nyumba ya mshonaji na nyumba ya mkunga, na mji mzima utamjengea nyumba juu yake. Kiwanja kilikuwa kimoja. Vingine vyote bondeni vilikuwa vya mkonge au vya makaburi.

Kihiyo alimpelekea Nyamvula habari hiyo Alhamisi. Nyamvula akauliza kama ukuta wa mshonaji uko karibu. Kihiyo akasema karibu sana, ukipiga chafya anakujibu. Nyamvula hakulala wiki nzima. Alikitaka kiwanja kile kuliko alivyowahi kutaka chochote, na hakuona njia ya kukidai bila kutaja miaka minne.

Hapo ndipo anapoingia Salha. Huyu alikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya mji, mgeni, alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwa mtu. Tangazo halijatoka, yeye alikuwa ameshaanza, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wanasinzia darasani kwa kubeba maji. Mwaka mzima alipima kwa mizani ndogo na kipimajoto, usiku na mchana, akaandika daftari tatu. Akagundua kwamba dawa zile mbili zikikutana huzaa joto lao zenyewe, na moto wa kuni ndio unaoziunguza zikawa na rangi ya chai. Akagundua kwamba spiriti ilikuwa mbeba mzigo tu. Akagundua kipimo: ukitia dawa hii kiasi hiki na ile kiasi kile, zinamalizana, hakibaki kitu cha kusafisha. Lakini aliweza kutengeneza kikombe kimoja tu. Kila alipojaribu ndoo, joto lilijilimbikiza katikati, ikafoka. Akapanda Ngoto kumwuliza mpishi namna ya kuchanganya nyingi.

Alifika akamkuta Nyamvula juu ya kiti cha baiskeli. Akaiona chumvi, akaishika kwenye mwanga. Akalitazama jiko, akaitazama sufuria iliyojaa vumbi.

"Bibi," akasema, "chumvi hii haijaona moto. Tangu lini?"

Nyamvula angeweza kusema tangu juzi. Alikuwa na siku nyingi hajaulizwa swali na mtu aliyekuwa anataka jibu. Akasema yote, toka pembe ya kwanza, na Salha akakaa juu ya jiwe akamsikiliza mpaka jua likahama. Hata Nyamvula naye alijifunza siku ile, kwani sufuria moja kati ya tatu ilikuwa inamtoka na harufu ya samaki, uzi wake unakatika, na hakuwa amejua kwa nini. Kumbe ni kipimo. Alikuwa anakadiria kwa jicho.

Baraza likakaa Jumamosi kwenye ghala la uzi. Kihiyo alimpandia Nyamvula akamteremsha kwa punda, na ilikuwa mara ya kwanza mwanamke yule kuketi kati ya watu wengi tangu alipohamishwa. Waliokuwa karibu naye walijisogeza kumpa nafasi. Naye alitamani wasisogee.

Salha akasimama wa kwanza. Akaonyesha chumvi, akaonyesha daftari. Hakuficha kitu, na hapo ndipo palipouma, kwa sababu alisema pia kwamba Bi Nyamvula aliijua njia hii miaka minne iliyopita. Ghala likanguruma. Salha akasema anakidai kiwanja, na si kwa kulala. Atajenga karakana hapo, kazi irudi mjini, kila nyumba ijifunze. "Waliokuwa wanajua walinyamaza," akasema. "Mimi nilipojua nimesema. Na bila kipimo changu, sufuria moja kati ya tatu mngemwaga."

Kihiyo akasimama. Akakiri kwamba alijua miaka miwili na akaendelea kukata miti. Akasema akili ya shangazi ingeishia kwenye bega lake, na akili ya mwalimu ingeishia kwenye kikombe, kama si pipa lake. Ana watu tisa katika vyumba viwili vya baba mkwe, na siku haipiti bila kukumbushwa. Mtu mmoja akamwuliza kwa nini basi hakusema.  Kihiyo akasema kwamba kule juu ndiko mahali pekee alikowahi kukaribishwa kwa kikombe cha pili.

Mzee Mbelwa akamgeukia Nyamvula, akamwambia aseme, kama ana la kusema.

Nyamvula alisimama taratibu, mkono begani.

"Nilijua," akasema. "Siku ya kwanza nilitaka kushuka kuwaambia, viatu viko miguuni. Ndipo nikaambiwa dada yangu mmeshamfukia. Nikavivua. Moto mliokuwa mnauona haukupika kitu, niliuwasha ili Kihiyo apande. Miti nimeimaliza mimi, maji nimeyakausha mimi, na watoto wenu wamesinzia kwa ajili yangu. Sijitetei. Ila kiwanja nakitaka. Nataka nikikohoa, upande wa pili wa ukuta mtu aseme, Nyamvula anakohoa."

 Kisha mshonaji, yule wa nyumba ya jirani, akauliza kwa sauti kama mtu mwenye kumsahau mwenzake anaweza kuwa hakimu wake. Mwingine akajibu kwamba upweke haukati miti, mkono wa mtu ndio unaokata. Wa tatu akasema mwalimu ni mgeni, anaweza kuhama kesho na daftari zake. Wa nne akasema mgeni ndiye pekee aliyewahurumia watoto. Wakashika kuvutana. Mbelwa akapiga meza, wakaendelea kuvutana.

Nyamvula akawaomba radhi. Alikuwa ameacha dawa kwenye pipa asubuhi, na sheria ni sheria, dawa haziachwi. Akakataa kusindikizwa, kwa sababu Kihiyo alikuwa mdai kama yeye na haikufaa atoke barazani. Akavaa viatu vyake, akashika njia ya kilima peke yake. Wakamwona akipita kwenye visiki, akipumzika, akipanda tena, mpaka hawakumwona.

Baraza lilikesha. Hukumu mimi sikupewa; nilipewa hadithi hadi hapo, nami nimewafikisha hapo. Kiwanja ni kimoja, kati ya mshonaji na mkunga. Yupo aliyeipata njia kwa kumheshimu maiti asiyemjua, kisha akaificha. Yupo aliyeipa mwili kwa kuonea huruma bega la mwenzake, kisha akanyamaza na shoka mkononi. Yupo aliyeijua sababu yake, akaipima, akaisema mchana kweupe, na kwa kuisema akamvua nguo mwanamke mzee mbele ya watu.

Je, ninyi mlionisikiliza, nani alistahili? Na mkisha kuamua, ni yupi kati yenu atakayepanda Ngoto kumwambia?